Acheni Kuuliza Darubini Inakuza Mara Ngapi

Kila nikizungumzia darubini za angani, iwe Kihanga, Kayanga au Omurushaka, swali la kwanza ni lilelile: "Mwalimu, hiyo inakuza mara ngapi?" Nikisema kwamba darubini ya mwanga iliyomo ndani ya Swift, setilaiti ya eksirei iliyorushwa mwaka 2004, ina kioo cha sentimita 30 tu, nyuso zinanywea.

Kukuza hakupimi mng'ao. Nyota ziko mbali mno; hata ukikuza mara 600, kama wanavyonadi wauza darubini kwenye maboksi yao, utaona nukta ileile, sasa imefifia na kutawanyika. Boksi linalotamba kwa namba hiyo liache dukani. Anayepima mng'ao anahesabu fotoni: zimeingia ngapi kwa sekunde, zikilinganishwa na za nyota inayojulikana.

Na kuhesabu kuna mtego wake. Kipokezi cha Swift kwa kawaida husoma picha kila milisekunde 11. Fotoni mbili zikitua mahali pamoja ndani ya muda huo, inahesabiwa moja. Kwa hiyo nyota angavu huonekana hafifu kuliko ilivyo, na lazima hesabu isahihishwe. Nyota ikizidi kiwango fulani, hata masahihisho ya kawaida hayatoshi. Hapo kioo kikubwa zaidi kingezidisha tatizo.

Kwa nini basi kupeleka darubini ndogo hivyo angani? Kwa sababu inapima pia urujuanimno, na ozoni huzuia sehemu kubwa yake isifike kwetu. Tena Uhuru, setilaiti ya eksirei iliyorushwa karibu na Malindi Desemba 1970, iliona eksirei tu. Kutambua ni nyota ipi hasa inayotoa eksirei hizo kuliachiwa darubini za ardhini. Swift, kinyume chake, huitazama shabaha moja kwa eksirei na kwa mwanga wakati uleule.

Unataka kupima mwenyewe? Macho yanatosha. Januari usiku, linganisha Betelgeuse, nyota inayobadilika mng'ao, na nyota za Procyon (kipimo cha mng'ao 0.4) na Aldebaran (0.9), ukadirie iko wapi kati yao; namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi. Mwanzoni mwa 2020 Betelgeuse ilififia hadi karibu 1.6, na badiliko hilo likaonekana wazi bila darubini. Nyota ya Algol nayo hufifia kila baada ya siku 2.87. Kwa nyota hafifu, tumia darubini ya macho mawili. Andika tarehe na saa, tuma kwa AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mng'ao, wanaopokea vipimo kutoka popote. Usilinganishe nyota iliyo utosini na iliyo karibu na upeo wa macho: mwanga wa hii ya chini hupita kwenye hewa nyingi zaidi, ukafifia.