Programu ya Asili au Mbadala? Uteuzi wa Msomaji wa Kiswahili katika Kisomavitabu cha Kielektroniki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uteuzi unaomkabili mmiliki wa kisomavitabu cha kielektroniki: kubaki na programu endeshi aliyoikuta katika kifaa au kuweka mbadala wake. Mfano mkuu ni vifaa vya Kobo na programu ya KOReader. Inaelezwa kwamba, kwa msomaji wa Kiswahili, kigezo kinachostahili kutangulizwa ni namna kifaa kinavyotafuta neno katika kamusi.

1.0 Utangulizi

Kisomavitabu ni kifaa chenye umbo la kishikwambi, aghalabu chenye kioo cha wino wa kielektroniki, kilichoundwa kwa ajili ya kusomea vitabu. Ndani yake mna programu endeshi inayowasha kioo, kufungua faili na kusimamia matumizi ya betri. Programu ya asili ni ile iliyowekwa na mtengenezaji. Mbadala ni ile iliyoandaliwa na watu wengine, mara nyingi kwa kujitolea.

Uteuzi huu hauwahusu mafundi peke yao. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017. Msomaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyarwanda, akisoma riwaya ya Kiswahili bila mwalimu kando yake, hutegemea kamusi iliyomo katika kifaa. Kamusi hiyo isipomjibu, aghalabu kitabu hufungwa kabla hakijaisha.

2.0 Viwango vya Mabadiliko

Mabadiliko ya programu yanaweza kugawanywa katika viwango vitatu.

Kiwango cha kwanza ni kubaki na programu ya asili. Mmiliki huendelea kupata masasisho, hahatarishi dhamana ya kifaa, na hufungua bila usumbufu vitabu alivyonunua katika duka la mtengenezaji.

Kiwango cha pili ni kuongeza programu nyingine ya kusomea bila kuifuta ya asili. Katika vifaa vya Kobo, KOReader hunakiliwa kwa waya wa USB pamoja na programu ndogo ya kuizindua. Mtumiaji akitaka hurudi kwenye programu ya asili. Katika Kindle, mtumiaji hulazimika kwanza kuvunja kinga ya mtengenezaji, na sasisho jipya linaweza kuuziba mwanya uliotumika. Ieleweke pia kwamba KOReader haifungui vitabu vyenye kufuli la kidijitali la duka.

Kiwango cha tatu ni kubadili mfumo mzima. Nook Color, iliyotolewa na Barnes & Noble mwaka 2010, iliweza kuwaka kutoka kadi ya microSD. Hivyo mmiliki aliweza kuujaribu mfumo wa CyanogenMod bila kugusa kumbukumbu ya ndani. Akiitoa kadi, kifaa kilirudi katika hali ya awali. Hata hivyo, CyanogenMod yenyewe ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2016, na mradi wa LineageOS ukairithi kazi yake. Mbadala nao huzeeka, na hakuna duka linalowajibika kwa kuzeeka huko.

3.0 Kamusi kama Kigezo

Programu ya asili ya Kobo huja na kamusi za lugha kadhaa, lakini Kiswahili hakimo. KOReader husoma kamusi za muundo wa StarDict, ambao uko wazi kwa yeyote anayetaka kuandaa kamusi. Kwa mtazamo wa haraka, mbadala umeshinda. Mofolojia ya Kiswahili, hata hivyo, inalifanya jambo hili kuwa gumu zaidi.

Msomaji akibonyeza neno *walimsomea*, kifaa hutafuta kidahizo chenye herufi hizohizo. Kamusi ya Kiswahili ina *soma* na pengine *somea*, *walimsomea* haimo. Viambishi 6 vya nafsi vikiambatanishwa na vya njeo 4 (-na-, -li-, -ta-, -me-) huzaa maumbo 24 ya kitenzi kimoja, kabla ya kuhesabu ngeli, yambwa, urejeshi, ukanushi na mnyambuliko. Utafutaji wa maneno yanayokaribiana, uliomo katika KOReader, hupima ufanano wa herufi. Hauujui mzizi.

Kikwazo kingine ni kidogo kwa umbo lakini kina athari kubwa. Neno *ng'ombe* likichapwa kwa alama iliyonyooka katika kamusi na kwa alama iliyopinda katika kitabu, kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti.

Suluhisho lipo. StarDict huruhusu faili ya ziada inayoelekeza umbo moja kwenye kidahizo kingine. *Walimsomea* ikielekezwa kwenye *somea*, msomaji hupata jibu. Programu ya asili ya Kobo nayo hupokea kamusi za nje zikiandaliwa kwa muundo wake, na muundo huo pia huruhusu kidahizo kuwa na maumbo mengine. Kwa hiyo tofauti kati ya asili na mbadala, katika jambo hili, ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

4.0 Hitimisho

Anayesoma zaidi vitabu vya dukani hana sababu kubwa ya kuondoka katika programu ya asili. Anayesoma faili zisizo na kufuli, na anayetaka kujiandalia kamusi, atafaidika na kiwango cha pili, ambacho hakimfungii njia ya kurudi. Kiwango cha tatu kinamfaa mwenye kifaa cha zamani ambacho mtengenezaji ameacha kukihudumia, akiwa tayari kukipoteza.

Hata hivyo, hakuna programu itakayotoa jibu ambalo halijaandikwa. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* na *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ni hazina zenye wenyewe, na kuzigeuza kuwa faili za visomavitabu kunahitaji idhini. Kinachohitajika ni wanaleksikografia, wanaisimu kompyuta na wenye hakimiliki kukubaliana kuhusu orodha ya vidahizo iliyofungamanishwa na maumbo yake ya matumizi. Orodha hiyo ikipatikana, msomaji wa Kigali au Bujumbura atajibiwa na kifaa chake, kiwe na programu ya asili au mbadala.