Mafuta ya taa si dawa ya chawa

Kila shule zinapofunguliwa, ipo habari moja ambayo husemwa kwa minong'ono mitaani na vijijini. Mzazi akigundua kwamba mwanawe anajikuna kichwa usiku kucha, hamwendei daktari wala mwalimu. Hufunga mlango kwanza, kisha akatafuta dawa ya siri. Na dawa hiyo, kwa bahati mbaya, aghalabu huwa ile iliyo karibu zaidi: chupa ya mafuta ya taa iliyo kando ya jiko.

Sisemi haya kwa kusikia tu. Mwaka jana jirani yangu aliniomba nimsaidie kumfikisha bintiye wa miaka saba hospitalini. Jioni iliyotangulia alikuwa amemmiminia mtoto mafuta ya taa kichwani, akamfunga leso barabara na kumlaza. Kulipokucha, ngozi ya shingo na ya nyuma ya masikio ilikuwa imejaa malengelenge. Mama mwenyewe alikuwa akilia, si kwa maumivu ya mtoto pekee, bali kwa hofu kwamba muuguzi angeuliza sababu na wagonjwa wengine wangesikia neno "chawa". Nilishukuru moyoni kwamba stima haikupotea usiku ule, kwani wangewasha koroboi, na nywele zilizolowa mafuta hazihitaji zaidi ya cheche moja.

Mafuta ya taa huunguza ngozi hata pasipo moto. Mtoto akiyameza kidogo tu yakapenya mapafuni, anaweza kupatwa na ugonjwa mbaya wa mapafu. Wapo pia wanaotumia dawa ya kuogeshea mifugo au ya kupulizia mende. Sumu hizi nyingine hupenya ngozi ya kichwa na kushambulia mishipa ya fahamu. Mtoto hutokwa na jasho na mate, hutapika, na pumzi humwia nzito. Huko ni kumtia mtoto hatarini ili kumwua mdudu asiye na hatari.

Naam, chawa wa kichwa huwasha na kukosesha usingizi, na mikwaruzo ya kucha yaweza kuleta vidonda vyenye usaha vinavyostahili kuonwa na daktari. Lakini yeye si yule chawa wa mwilini anayejificha katika mishono ya nguo na kueneza homa ya taifasi. Wala haletwi na uchafu. Hana mabawa na hawezi kuruka. Hutambaa tu kutoka unywele hadi unywele vichwa viwili vinapogusana. Watoto wanaolala kitanda kimoja au wanaoinamia kitabu kimoja huambukizana hata kama wameoga asubuhi na jioni. Aibu tunayoibeba haina msingi wowote, na ndiyo inayotuma mkono wa mzazi kwenye chupa ya mafuta ya taa.

Dawa ya nyumbani ninayoitetea haina siri. Ni kitana chenye meno yaliyobanana. Mwaka 2016 wachimbaji wa mambo ya kale huko Lakishi, nchini Israeli, walipata kitana kidogo cha pembe ya ndovu. Miaka michache baadaye ikagunduliwa kwamba kilikuwa kimechorwa herufi za Kikanaani, na habari hizo zilitangazwa mwaka 2022. Wataalamu wanakadiria kwamba maandishi hayo ni ya mwaka 1700 hivi kabla ya Kristo. Yanasema nini? Ni ombi kwamba pembe hiyo ing'oe chawa katika nywele na ndevu! Na baina ya meno yake palikuwa na mabaki ya chawa.

Sumu hazijadumu hivyo. Unga wa DDT ulinyunyiziwa watu wa Naples, Italia, mwishoni mwa 1943 na mwanzoni mwa 1944 ili kuwaua chawa wa mwilini, na taifasi ikazimwa. Kufikia Vita vya Korea, mwanzoni mwa miaka ya 1950, chawa walikuwa wameshaizoea sumu hiyo. Leo katika nchi nyingi chawa wa kichwa wameanza kuizoea permethrini inayouzwa katika maduka ya dawa. Chawa aliyezoea meno ya kitana hajaonekana bado.

Kinachohitajika ni kuhesabu siku. Yai la chawa hugandishwa kwenye unywele karibu na ngozi, na huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Chawa mchanga naye huchukua siku 9 hadi 12 kabla ya kuanza kutaga. Kwa hiyo anayechana mara moja na kushangilia, amewaacha walio mayaini. Osha nywele, zilowanishe kwa mafuta ya nazi au krimu ya kuzilainisha, zigawe mafungu, zitatue kwa chanuo pana kwanza, hasa zikiwa za kipilipili, kisha pitisha kitana kutoka kwenye ngozi hadi nchani. Kifute kwenye kitambaa cheupe kila mara. Rudia kila baada ya siku 3 au 4 kwa majuma mawili au zaidi, hadi usione chawa tena. Mafuta ya nazi huwapunguzia mwendo na kukirahisishia kitana kazi. Usiyategemee peke yake. Siki nayo haiwaui.

Kunyoa kunafaa, mradi wembe usitumiwe na watoto wawili. Hata hivyo, binti asinyolewe kwa nguvu kama mfungwa. Anayechagua permethrini anunue ile ya kichwa yenye nguvu ya asilimia 1, wala si ya shambani, na airudie baada ya siku 9 hivi. Nyumba haina haja ya kupigwa dawa, maana chawa aliyeanguka kichwani hufa njaa kabla ya siku mbili kwisha. Fueni mashuka kwa maji moto, muyaanike juani.

Kwa walimu wakuu nina ombi. Kumsimamisha mtoto mbele ya gwaride na kumrudisha nyumbani huongeza minong'ono tu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimeshikilia kwa miaka mingi kwamba mtoto mwenye afya asikoseshwe masomo kwa ajili ya chawa. Unywele hukua sentimita moja hivi kwa mwezi, kwa hivyo yai lililo mbali na ngozi kuliko hapo aghalabu ni ganda tupu, na mtoto hufukuzwa kwa kosa la mwezi uliopita. Barua ipelekwe kwa wazazi wa darasa zima bila kumtaja yeyote, ikiwaomba wachane vichwa vya watoto wao jioni ile ile, na iseme waziwazi kwamba mafuta ya taa ni marufuku.