Kunde: Mboga ya Leo, Akiba ya Kesho

Wengi wetu hapa Syokimau tunanunua mboga kibandani kila jioni, na huku nyuma ya nyumba pameota magugu tu. Ndiyo sababu nataka kuwaeleza juu ya kunde, ambazo sisi Wakamba tunaziita nthooko. Mmea huu hutoa majani na pia mbegu za kula. Lakini ukitaka vyote viwili, sharti ujue wakati wa kuchuma na wakati wa kuacha.

Kwanza ni kupanda. Udongo wetu mweusi hutuamisha maji, nazo kunde hazipendi kusimama majini. Kwa hivyo inua matuta, kisha upande mvua za Oktoba zinapoanza, mbegu mbilimbili kila shimo. Mbegu za M66 na K80, zilizotolewa na watafiti wa Katumani, Machakos, zinafaa kwa majani na kwa kunde zenyewe. Fauka ya hayo, vinundu vya mizizi vina bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, hivyo udongo hurutubika.

Pili ni kuchuma. Baada ya wiki tatu hivi, ng'oa miche iliyosongamana. Hiyo ndiyo mboga ya kwanza. Halafu chuma majani machanga kidogo kidogo. Hapa ndipo ubishi huzuka kwetu. Mama anataka majani kwa kuwa ugali wa leo hauna mboga. Nyanya naye huuliza, "Mkiyamaliza, Februari mtakula nini?" Wote wawili wana haki, maana mche ulionyang'anywa majani hauzai maganda mengi. Basi tuligawa matuta: nusu tunachuma kila wiki, na nusu haiguswi tangu maua yachomoze.

Tatu ni kula. Majani huchemshwa, yakakaangwa kwa kitunguu na kutiwa maziwa. Yakizidi, yachemshe kidogo uyaanike kivulini. Yatakufaa wakati wa kiangazi. Kunde kavu tunazipika na mahindi, tukapata isyo. Karibu robo ya uzito wake ni protini, kwa hivyo nyama ikikosekana si hoja. Zichanganye na majivu makavu ili fukusi wasizitoboe.

Wenzangu, haba na haba hujaza kibaba. Mwenye matuta manne tu na aanze mvua zijazo, ila asisahau kuyagawa.