Mkojo Unapozuiwa: Kazi ya Mionzi katika Saratani ya Tezi Dume

Katika makambi na vituo vya polisi, mzee akawiaye chooni huchekwa kwamba analipa deni la kisonono cha ujanani. Kwa kuogopa kicheko hicho, wengi hunyamaza hata siku ile mkojo unapokataa kabisa kutoka.

Tezi dume iko chini ya kibofu, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo. Uzeeni hukua mara nyingi pasipo saratani. Lakini saratani ikiingia, huweza kuubana mrija huo. Ndiyo saratani iwapatayo zaidi wanaume wa Uganda.

Mkojo ukizuiwa, kazi ya kwanza si mionzi. Mpira hupitishwa hadi kibofuni ili mkojo utoke, kwani ukirudi nyuma huharibu figo, na figo zaweza kumwua mtu kabla ya saratani yenyewe. Kisha hupunguzwa homoni za kiume, kwa sindano au kwa kuondoa korodani. Faida ya njia hiyo ilionyeshwa mwaka 1941 na Charles Huggins, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Wapo mashujaa wa vita watorokao wodini wasikiapo neno korodani!

Mionzi huitwa pale uvimbe unapoendelea kuziba au kutoa damu, hasa kwa asiyeweza kupasuliwa. Mgonjwa hulala chini ya mashine dakika chache tu, bila maumivu, kwa kawaida siku tano kwa juma. Mionzi hiyo ya nje haibaki mwilini, hivyo uvumi kwamba atawadhuru watoto wake ni uongo. Lakini asitarajie mpira kutolewa kesho yake. Seli hufa polepole, na mwanzoni tezi yaweza hata kuvimba zaidi. Mpira huweza kubaki majuma kadhaa. Uchovu, kuhara na kukojoa mara kwa mara hutokea.

Nchini Uganda tiba hii hutolewa na Taasisi ya Saratani iliyoko Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967. Mwaka 2016 mashine yake ya pekee ya kobalti iliharibika, baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi, hadi nyingine ilipozinduliwa Januari 2018.

Kamanda aombwaye ruhusa na mgonjwa wa namna hii asihesabu siku mbili. Na mgonjwa huyo akilalamikia mgongo huku miguu ikilegea, apatiwe gari saa ile ile: huenda uti wa mgongo unabanwa, na hapo pia mionzi huhitajika upesi.