Mtoto wa Miezi Saba na Macho Yake



Juma lililopita tulisikia kwenye dortuari maneno yasiyotupendeza. Mwenzetu mmoja wa darasa la kwanza ana mdogo wake asiyeona, aliyezaliwa kwa miezi saba. Wengine walimwambia eti ni laana, eti mama alikula kitu cha kukatazwa. Sisi wa darasa la sita tunaosoma biolojia tumeona vizuri tueleze.

Nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna ngozi nyembamba inayopokea mwangaza, inaitwa retina. Mishipa ya damu inayoilisha inaanza kuota mimba ikiwa ya miezi 4 hivi, inaenda polepole mpaka pembeni, na inamaliza karibu na mwezi wa 9. Mtoto akitoka mbele ya wakati, mishipa iko bado njiani.

Munganga Terry wa Boston, Marekani, alieleza ugonjwa huu mwaka 1942. Wakati ule watoto wa kuvezi walipewa oksijeni nyingi, watu wakidhani ni wema mtupu, kumbe maelfu walipofuka. Mwaka 1951 mama munganga Kate Campbell wa Australia akaonyesha kwamba oksijeni hiyo inashukiwa. Lakini kuikatalia kabisa haiwezekani, mtoto atakufa. Inapimwa tu.

Na oksijeni siyo yote. Tumboni mtoto anapata kwa mama chakula na vitu vya kumkuza. Akizaliwa mapema vinapungua ghafula, mishipa inasimama. Retina inaendelea kukua, inasikia njaa, halafu inaita mishipa mipya, nayo inaota ovyo, inatoa damu na kuvuta retina mpaka inabanduka. Ndiyo maana mtoto asiyeongeza uzito vizuri majuma ya kwanza yuko katika hatari zaidi: mizani ya maternite inaweza kuonya wakati jicho halijaonyesha kitu. Hawezi bado kunyonya, basi mama anakamua, maziwa yanapitia mpira mwembamba. Wanaopata maziwa ya mama wanapatwa kidogo kuliko wale wa maziwa ya kopo.

Kwa nje jicho linaonekana zuri tu. Lazima munganga wa macho aliangalie ndani, mara nyingi karibu na juma la 4. Akikuta mishipa mibaya anaweza kuizuia kwa mwangaza wa leza, lakini siku ni chache.

Mama ya mwenzetu alikula kama mama wengine. Waliosema yale dortuarini majina yao tunayo; tunawangojea waende kwa mtoto yule wenyewe, mbele ya Jumapili.