Buluu ya Subaru si rangi ya Japani

Wadau, hapa Mtambile kuna ubishi siusikii kuisha. Vijana wakifungua picha za zamani za Safari Rally, lazima mmoja aseme ile buluu ya Subaru ndiyo rangi ya Japani. Sivyo jamani. Ile buluu yenye njano ilikuwa rangi ya sigara za 555, waliokuwa wadhamini wao. Rangi ya Japani ni nyeupe yenye duara jekundu, kama bendera yao, na Honda waliingia nayo Formula 1 mwaka 1964.

Mambo haya yalianza na Kombe la Gordon Bennett, mwaka 1900. Nchi zilishindana kwa nchi, basi kila moja ikawa na rangi yake. Mfaransa buluu, Mbelgiji njano, Mjerumani nyeupe, Mmarekani nyekundu. Mbio za 1903 zilifanyika Ireland, Waingereza wakaja na kijani. Nyekundu baadaye ikawa ya Mtaliano, na Mjerumani akahamia rangi ya fedha miaka ya 1930.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Rangi ilifuata nchi ya timu iliyoandikisha gari, haikufuata kiwanda. Ni kama daladala za Dar: mstari wa rangi unakwambia gari linakwenda njia gani, haukwambii limeundwa wapi. Mwaka 1964 mzee Enzo Ferrari aligombana na wakubwa wa mchezo huo kwao Italia, akayaandikisha magari yake kwa timu ya Marekani. John Surtees akachukua ubingwa wa dunia kule Mexico ndani ya Ferrari nyeupe na buluu! Mmarekani alikuwa keshabadilisha rangi zamani.

Kilichoua utaratibu huu ni pesa, na ulianza kufa huku huku Afrika. Tarehe 1 Januari 1968, kwenye mbio za Afrika Kusini, John Love wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) alikuja na gari lenye rangi za sigara za Gunston. Miezi michache tu, Lotus nao wakaacha kijani cha Uingereza wakavaa sigara za Gold Leaf.

Na sisi je? Safari ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, lakini haikuwa ya rangi za nchi. Joginder Singh wa Kenya alishinda 1965 kwa Volvo, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Siku hizi kwenye rali za dunia utaifa umebaki kibendera kidogo dirishani, karibu na jina la dereva.

Hicho kibendera kinafuata pasipoti. Akitokea Mpemba mwenye mguu mzito leo, leseni ya kimataifa ataitafuta AAT, chama cha Tanzania kinachotambuliwa na FIA, na dirishani itakuwa bendera ya Muungano. Ile ya Zanzibar iliyoanza kupepea Januari 2005 itabaki nyumbani. Kwenye mpira tuliionja kidogo: CAF walitupa uanachama kamili Machi 2017, Julai wakautoa.