Mkia Uliowafunza Wanasayansi: Utafiti wa Ndege wa Kinangop

Mkazi wa Kinangop hahitaji kuelezwa sana kuhusu ndege huyu. Wakati wa mvua, nyasi zinapokuwa ndefu, dume lake huonekana akiruka polepole juu ya malisho. Ni mweusi tititi, ana doa jekundu begani, na mkia wake una urefu wa nusu mita hivi, unaning'inia nyuma yake kama kitambaa. Kwa jina la kisayansi anaitwa Euplectes progne. Ni wa ukoo mmoja na kwelea kwelea na ndege wengine wanaosuka viota.

Jambo ambalo wakazi wengi huenda hawalijui ni kwamba ndege huyu wa Kinangop anatajwa katika vitabu vya biolojia vyuoni kote duniani. Sababu ni utafiti uliofanywa hapa na mwanasayansi kutoka Uswidi, Malte Andersson, na kuchapishwa katika jarida la Nature mwaka 1982.

Swali lilikuwa gani?

Mkia mrefu ni mzigo. Hauli, hauchimbi, na ndege anayeuburuta huruka kwa shida upepo unapovuma au unapolowa mvua. Jike hana mkia wa namna hiyo: ni mdogo, wa rangi ya kahawia yenye michirizi, na mkia wake ni mfupi. Dume naye huota mkia mrefu kwa msimu wa kuzaana tu. Msimu ukiisha hurudia sura inayofanana na ya jike.

Mwaka 1871, Charles Darwin alieleza kwamba mapambo ya madume huenda yalitokana na majike kuchagua madume wanaowapendeza. Wengi walilitilia shaka wazo hilo. Walisema labda madume hutumia mapambo kutishana wao kwa wao wanapogombea maeneo. Kwa zaidi ya miaka 100 hakukuwa na jaribio la wazi porini la kuamua ni lipi kati ya hayo mawili.

Utafiti ulifanywaje?

Maisha ya ndege huyu yalirahisisha kazi. Dume hushika eneo lake katika nyasi na kuwafukuza madume wengine. Majike kadhaa huweza kujenga viota katika eneo la dume mmoja, nao ndio hulea vifaranga. Kwa hiyo, ukihesabu viota vilivyo katika eneo la dume, unajua ni majike wangapi waliomchagua.

Andersson alichukua madume 36, akayagawa katika makundi manne ya ndege tisa tisa. Kabla ya kugusa mikia, alihesabu viota katika kila eneo, na makundi hayakutofautiana. Kisha:

• Kundi la kwanza lilikatwa mkia ukabaki sentimita 14 hivi.
• Kundi la pili liliongezewa manyoya yaliyokatwa, yakabandikwa kwa gundi inayokauka upesi. Mkia ukarefuka kwa sentimita 25 hivi, kupita urefu wa kawaida.
• Kundi la tatu lilikatwa mkia na kubandikwa tena uleule, ili kuhakikisha kwamba kukata na gundi vyenyewe havibadilishi kitu.
• Kundi la nne halikuguswa mkia.

Baada ya hapo alihesabu viota vipya. Madume yaliyorefushwa mkia yalipata viota vipya vingi kuliko makundi mengine yote. Jambo la pili lilikuwa na uzito uleule: madume yaliyofupishwa mkia hayakupoteza maeneo yao. Hayakunyang'anywa na wenzao, wala hayakuacha kujionyesha angani. Basi mkia haukuwa silaha ya kutishia madume. Waliokuwa wakiuangalia ni majike.

Kwa nini jambo hili linamhusu mkazi?

Utafiti huu uliwezekana kwa sababu Kinangop ilikuwa na nyasi za kutosha. Kiota cha ndege huyu husukwa ndani ya nyasi ndefu, karibu na ardhi. Pakilimwa, au pakichomwa moto kabla vifaranga hawajaruka, msimu wa uzazi umepotea mahali hapo, hata mkia wa dume uwe mrefu namna gani.

Sehemu kubwa ya nyasi za uwanda wa Kinangop iko katika mashamba ya watu binafsi, na kila mwaka sehemu nyingine inageuzwa kuwa shamba la viazi, kabichi au ngano. Mkulima ana haki ya kutafuta riziki, na viazi vinalipa karo. Lakini nyasi hizo ni makao pia ya ndege mwingine, mwenye kifua cha manjano, aitwaye Sharpe's Longclaw, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika nyanda za juu za Kenya na yuko katika hatari ya kutoweka. Huyo hupenda nyasi fupi zenye mafungu ya nyasi hapa na pale, kama zile zinazobaki baada ya kondoo na ng'ombe kulishwa kwa kiasi. Mifugo si adui wa ndege hawa. Jembe na trekta ndivyo vinavyowaondoa.

Mkazi anaweza kufanya nini?

• Mwenye malisho aache ukanda wa nyasi ndefu pembeni mwa shamba au kando ya mto hadi vifaranga waruke.
• Asichome nyasi wakati ndege wanajenga viota.
• Wazazi wawaonye watoto wasivunje viota wala kunasa ndege. Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013.
• Anayeona ndege wakinaswa au kuwekewa sumu atoe taarifa kwa ofisi ya KWS iliyo karibu. Kuhusu malisho na matumizi ya ardhi, amwone afisa wa kilimo wa wadi yake.

Ndege aliyejibu swali la Darwin bado anaruka juu ya malisho yetu. Akikosa nyasi za kuzalia Kinangop, hakuna gundi itakayomrudisha.